UZI: Sisi tunaonunua unga kwa kipimo tunajiandaaje na korona? Wana Mombasa tusaidiane

Mwenye Duka, Likoni
Jumatatu, 23 Machi 2020

Assalam aleikum, na msalkheri kwa nyote.

Nina duka la rejareja huku Likoni, ndani kidogo ukitoka barabara ya Shelly Beach. Naandika kwa sababu tangu Ijumaa ile ya tarehe 13, Waziri wa Afya Kagwe aliposema mgonjwa wa kwanza amepatikana, kila anayekuja dirishani kwangu ananiuliza, "Tununue nini?" Mwanzo waliuliza kama wanaopiga soga. Tangu jana, waliposikia wagonjwa wamefika 15, ndege za abiria kutoka nje zinasimama Jumatano na mikusanyiko ya ibada imesimamishwa, wanauliza huku wamenikazia macho.

Redioni na kwenye simu ushauri ni huohuo: weka chakula cha wiki mbili, kaa nyumbani, nawa mikono kila mara. Siupingi. Lakini niwaeleze duka langu linavyouza.

Wateja wangu wengi huja mara mbili kwa siku. Asubuhi ni sukari ya kumi na majani ya tano. Jioni, baba au mama akishavuka kwa feri kutoka mjini na pesa za kibarua, ndipo unga wa kupima, mafuta ya ishirini, kitunguu kimoja, nyanya mbili. Sabuni ya mche naikata vipande. Kwanza naupima mche wote kwa kisu, naweka alama juu, ndipo nakata, maana mtoto akifika nyumbani na kipande chembamba mamake humrudisha mbio. Mtu wa namna hii ukimwambia aweke chakula cha wiki mbili, hizo pesa za wiki mbili zitoke wapi leo? Yeye ana za leo tu, na za kesho ziko ng'ambo ya feri.

Jambo moja limenipa moyo. Wiki iliyopita sabuni iliniishia kabla ya unga. Sijapata kuona hivyo tangu nifungue duka. Watu wamesikia, na wanataka kufanya wanavyoambiwa. Shida ni maji. Mfereji wetu hukaa kavu siku nyingi, tunategemea wenye mikokoteni na mitungi yao ya lita 20, na nyumba nyingi hapa zina kisima cha chumvi ambacho sabuni haitoi povu. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vinane, kila chumba na familia yake, choo kimoja na ukumbi mmoja. Hapo mtu mmoja akiugua, "kujitenga" atajitenga chumba gani?

Halafu kuna daftari la deni. Sitasema lina kiasi gani, ila waliokuwa hawakopi wameanza kukopa, hasa wa mahoteli ya Diani. Nikiwafungia nitawezaje kuwatazama? Nikiwakopesha wote duka litakauka mwezi ujao, na hapo nitakuwa sijamsaidia yeyote.

Nilichoamua mpaka sasa: bidhaa nilizokuwa nazo sipandishi bei. Unga wa pakiti, mbili kwa kila nyumba, hata aje mwenye gari. Mbele ya duka nimeweka mtungi wenye mfereji na sabuni imefungwa kwa kamba. Naomba mnisaidie mawazo, hasa kuhusu maji, wazee na deni. Nyumba ikijiandaa peke yake haitatosha. Tunahitaji kujiandaa ploti kwa ploti.

---

Kijana wa Mishomoroni

Ami, usiwatie watu hofu. Jua la Mombasa hili litakiua hicho kidudu kabla hakijafika Nyali. Ugonjwa wa baridi huo, wa Uchina na Ulaya.

---

Muuza Mbaazi, Majengo

Kijana, mie niko jikoni tangu saa kumi alfajiri nakaanga mahamri, joto nalijua kuliko wewe. Mafua tunaugua na joto hilihili. Mwenye duka, ahsante kwa uzi huu. Kwangu wateja wamepungua, wanaogopa sahani. Sasa nawaambia waje na vyombo vyao na wengi wamekubali. Ila nikikosa kuuza siku tatu tu, mtaji umeliwa na watoto.

---

Muuguzi, Kisauni

Msalkheri mwenye duka. Mimi ni muuguzi, siku zangu za kazi zimekuwa ndefu lakini uzi huu nimeona niujibu leo hii.

Kijana wa Mishomoroni, mwili wako una joto la nyuzi 37, na kirusi hiki kinazaana humohumo bila taabu. Singapore kuna jua na unyevu kama wetu, na wana wagonjwa. Tafadhali usilisambaze hilo la jua, kuna wazee watakaoliamini kwa sababu wanataka liwe kweli.

Sasa sabuni. Kirusi hiki kimefunikwa na tabaka la mafuta, na sabuni hulivunja tabaka hilo. Kwa hivyo kipande chako cha sabuni ya mche kinafanya kazi kamili, na mtu asijione duni kwa kukosa kile kichupa cha kutakasa mikono. Sekunde 20, katikati ya vidole, kidole gumba, chini ya kucha. Wengi husugua viganja tu.

Maji ya chumvi: madini yaliyomo hushikana na sabuni ya mche, povu likagoma, ukaona utando mweupe juu ya maji. Sabuni ya unga, hii ya kufulia, haisumbuki sana na maji hayo. Chukua chupa ya soda ya plastiki, tia maji, tia kijiko kidogo cha sabuni ya unga, tikisa, toboa kifuniko tundu dogo kwa msumari wa moto. Ukiibinya inatoka kidogo kidogo, unasugua, kisha unasuuza kwa maji ya kisima. Maji ya mfereji muweke ya kunywa na kupikia. Chupa moja inaweza kuhudumia ukumbi mzima kwa siku nzima, na gharama yake ni ndogo mno. Mwenye duka, ukiweka chupa kama hiyo kila nyumba ya mtaa wako umefanya jambo kubwa.

Vitakasa mikono viwe na alkoholi asilimia 60 au zaidi. Chini ya hapo ni kulowesha mikono tu. Mafuta ya atari hayana alkoholi, hayatafaa, na nimeshaona mtu akijipaka akidhani amejikinga. Wala msinunue vya kuchanganyiwa kwenye ndoo kando ya barabara, hamjui ni spiriti gani. Iran watu wamekufa kwa kunywa alkoholi yenye sumu wakidhani ni dawa ya korona.

Vitasa vya milango, mfereji, mlango wa choo: jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Kama kwenye chupa imeandikwa asilimia 3.5, sehemu moja ya jiki kwa sehemu 34 za maji. Usichanganye na asidi ya kusafishia choo, mvuke wake unaumiza mapafu.

Na dawa za malaria, hasa klorokwini, msizikimbilie kwa sababu mmesikia rais wa Marekani amezisifu. Ukizidisha kipimo unasimamisha moyo.

Dalili ni homa, kikohozi kikavu, kupumua kwa shida. Zinaweza kuchelewa hadi siku 14. Ukizipata piga 719 kwanza, ni bure, kabla hujapanda matatu kwenda hospitali.

---

Mhudumu wa Hoteli, Ukunda

Mwenye duka, mimi ni mmoja wa hao unaowasema, ingawa sikopi dukani kwako. Wageni walianza kuondoka katikati ya mwezi. Wazungu walikuwa wakipanga foleni kwenye simu ya mapokezi wakitafuta ndege za kurudi. Wiki iliyopita tuliitwa ukumbini tukaambiwa twende likizo bila malipo, hadi tutakapoitwa. Hakuna aliyepiga kelele. Tulirudisha sare, mpishi mmoja wa miaka mingi akakunja aproni yake vizuri kabisa, akaiweka mezani, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Serikali inasema tulipe kwa simu badala ya noti, na kutuma hadi shilingi 1,000 sasa hakukatwi kitu kwa siku 90. Hilo jema. Tatizo ni kwamba hiyo 1,000 ya kutuma inatoka wapi. Nyumbani Kilifi walizoea nitume kila mwisho wa mwezi, na huu mwezi mimi ndiye nataka kutumiwa.

Kuhusu deni: mwenye duka wangu ameandika kwenye karatasi ukutani kwamba atakopesha unga, mafuta, sabuni na dawa ya mbu, basi. Soda, sigara, biskuti ni pesa taslimu. Sote tumelielewa na hakuna aliyekasirika.

---

Mwenye Duka, Likoni

Hili la kuchagua vitu vya kukopesha nalichukua. Ahsante ndugu yangu, na Mungu akufungulie. Muuguzi, chupa ya sabuni ya unga nimeijaribu usiku huuhuu kwa maji ya kisima chetu. Povu limetoka.

---

Mama wa Bi Harusi, Kibokoni

Mie nina shida nyingine na naona haya kuileta mbele ya watu waliopoteza kazi, lakini moyo wangu umejaa.

Harusi ya binti yangu ni Shaaban hii, kabla hatujaingia Ramadhani. Mnajua wenyewe Shaaban Mombasa ilivyo, kila mtaa na harusi yake. Watu tumeshawaalika, mchele umeshalipiwa, wapishi wa biriani wamepewa rubuni. Jamaa wa Lamu na wa Unguja walikuwa waje. Sasa harusi zimekatazwa. Upande wa mume wanasema tusogeze mpaka baada ya Idi. Bibi yake, mamangu mzazi, anasema harusi haisogezwi, ni mkosi, na yeye hajui kama atafika huko baada ya Idi. Ana miaka themanini na ushee, na ana presha.

Jana mwanangu alikaa kitandani na lile sanduku la nguo zake, akaniambia, "Mama, wakija watu mia tatu, wote watambusu bibi mkono." Sikuwa na jibu.

---

Mzee wa Baraza, Mji wa Kale

Binti yangu wa Kibokoni, nikah ni walii, mashahidi wawili, mahari, na kukubaliana. Hayo yote yanatimia sebuleni na watu sita. Biriani ni furaha yetu, lakini ndoa haihitaji biriani ili iswihi. Fungeni nikah kimya, karamu iwekeni akiba. Na mamako aketi kwenye kiti chake mbali kidogo, aone kwa macho yake. Mchele hauozi. Wapishi, kama una uwezo, waachie ile rubuni, nao mwaka huu hawatapata kazi nyingine.

Nami niseme langu. Nina sukari na presha, vyote viwili. Kufungwa kwa misikiti kumeniuma kuliko nilivyotarajia. Lakini tumefundishwa tangu madrasa kwamba tauni ikiingia mji usiende huko, na ukiwamo usitoke ukaieneza. Jumuiya ya kwenda Umra niliyokuwamo ilisimama mwisho wa Februari, Saudia walipofunga mlango kwa watu wa nje. Tulikuwa tumeweka akiba muda mrefu. Kama Makka wamefunga, mimi ni nani nikatae kufungiwa msikiti wa mtaani?

Linalonitisha ni baraza. Misikiti imefungwa, na vijana na wazee wenzangu wamehamia barazani, bega kwa bega, kahawa tungu inapita kwa vikombe vilevile, vinachovywa kwenye maji yaleyale ya ndoo, vinampitia mwingine. Muuza kahawa ana vikombe kumi na wanywaji arobaini. Nimewaambia kila mtu aje na kikombe chake. Wachache wamekuja navyo. Wengine wameona nimekuwa muoga.

Homa ile kubwa ya mwaka 1918 iliingia Kenya kwa bandari hii hii ya Mombasa, kwa meli, kisha ikapanda na reli mpaka bara. Mji wetu ni mlango. Vijana hawalijui hilo, hawakuambiwa.

---

Dereva wa Tuktuk, Bombolulu

Matatu ya watu 14 sasa inabeba 8, na nauli imepanda palepale. Kwetu tuktuk nabeba mmoja au mume na mke. Kila jioni mwenye chombo anataka hesabu yake ileile, hajali nimebeba nani. Wenye vyombo mlio humu, punguzeni hesabu. Mkikaza, madereva watajaza abiria tu, hakuna askari atakayeweza kuzuia kila kona.

---

Mwalimu, Changamwe

Watoto wako nyumbani tangu tarehe 16. Mtaani kwangu wanacheza pamoja kutwa nzima, kisha jioni wanamrudia nyanya kila mmoja. Shule zimefungwa lakini mchanganyiko uko palepale, umehamia uwanjani. Mimi nimegawa watoto wa ploti yetu: wanaoishi nyumba moja wacheze pamoja, wasivuke nyumba ya pili. Haijakamilika ila imepunguza.

Mtu mmoja akaniambia mbona chikungunya ya mwaka 2018 ilitukunja migongo sote, tukatembea kama vizee, ikapita bila shule kufungwa. Nikamweleza: ile ililetwa na mbu. Hii inaletwa na mimi na wewe tukizungumza.

---

Kijana wa Mishomoroni

Muuguzi nimekuelewa. Lile la jua nililituma kwenye kundi letu la mtaa, leo nimetuma maelezo yako chini yake. Kuna mmoja bado anabisha.

---

Muuza Matunda, Marikiti
Jumatano, 25 Machi 2020, usiku

Mmesikia? Kafyu, marufuku ya kutoka nje usiku. Rais ametangaza leo, inaanza Ijumaa, saa 1 jioni mpaka saa 11 alfajiri, nchi nzima.

Ninakaa Timbwani, nauza Marikiti. Naomba watu wa Nyali na Bamburi mnielewe: ninyi mna daraja. Sisi wa kusini tuna feri. Barabara ya Dongo Kundu haijafika kwetu, na njia nyingine ni kuzunguka Kinango mpaka Mariakani, safari ambayo hakuna kibarua atakayeilipia. Watu takriban 300,000 huvuka kivuko hiki kila siku. Wengi wao hurudi saa zilezile, kuanzia saa 11 jioni.

Mnaojua pale mjini wakati huo mnajua. Ule mteremko, geti limefungwa, watu wamesongamana mpaka huwezi kuinua mkono ukajipangusa jasho. Feri ikifika watu wanamiminika, na feri moja ikiharibika mnasimama saa nzima na zaidi mkipumuliana shingoni. Hivi sasa wanatunawisha mikono kabla ya kuingia, sawa, lakini ukishanawa unaingia kwenye msongamano uleule.

Sasa ongeza kafyu. Wote wale, pamoja na wa saa 12, na wa saa 1, na wa saa 2, wote watataka kuvuka kabla ya saa 1. Waajiri wakiachilia wafanyakazi saa 11 kama kawaida, Ijumaa jioni itakuwaje pale? Naiogopa Ijumaa kuliko ninavyokiogopa hicho kirusi.

---

Kuli wa Bandarini

Bandari haifungwi, meli za mizigo zinaingia. Zamu yetu ya mchana inaisha saa 12. Msimamizi anasema wataandika barua za ruhusa. Barua nitamwonyesha askari, lakini feri itanisubiri?

---

Dada wa Kazi za Nyumbani, Mtongwe

Mwajiri wangu wa Kizingo ananiambia nihamie kwake nilale hukohuko mpaka haya yaishe, au nisiende kabisa. Nina mtoto wa miaka minne. Nimwache na nani? Naomba mtu mwenye moyo anijibu kama mamangu angenijibu.

---

Mama wa Bi Harusi, Kibokoni

Mwanangu wa Mtongwe, nikikujibu kama mamako: usimwache mtoto kwa mtu usiyemwamini kwa ajili ya mshahara. Mwombe mwajiri uende na mtoto. Mwambie wazi kwamba mtoto wa miaka minne anakula kidogo na analala kitanda kimoja nawe. Akikataa, mwombe akupe nusu mshahara ubaki nyumbani, na umtumie ujumbe wa simu ili maneno yabaki yameandikwa. Nami nitamtafuta mtu wa Kizingo ninayemjua azungumze naye, mwanamke kwa mwanamke, ukiniandikia pembeni.

Na habari yangu: tumekubaliana nikah sebuleni, watu saba. Mamangu amelia kisha akasema atavaa buibui lake jipya hata kama ni kwa watu saba.

---

Muuguzi, Kisauni
Alhamisi, 26 Machi 2020

Leo Wizara ya Afya imetangaza kifo cha kwanza, mwanamume wa miaka 66 aliyekuwa na kisukari. Waliothibitishwa ni 31. Mzee wa Mji wa Kale, tafadhali usiende barazani hata kwa kikombe chako. Mtume mjukuu akakuletee dawa zako za sukari za mwezi mzima sasa hivi, chemisti bado zina. Usingoje ziishe.

Kuhusu feri, Muuza Matunda amesema kweli, na sina tiba ya msongamano. Ninachojua: ugonjwa huu unaenea kwa matone ya mate mtu anapokohoa, anapopiga chafya au kuzungumza karibu. Pale mteremkoni geuza uso usiangaliane na mtu, usipige kelele, usishike reli kisha ukajishika uso. Anayekohoa asivuke siku hiyo. Mwenye uwezo wa kuvuka mapema avuke mapema, hata kama ni kukaa mjini bure.

---

Mzee wa Baraza, Mji wa Kale

Nimekusikia daktari wangu. Mjukuu ameshakwenda. Kahawa nitakunywa ndani.

---

Mwenye Duka, Likoni
Alhamisi, 26 Machi 2020, usiku

Nimerudi na habari za mtaa, nikitumaini zitamfaa mtu wa Kisauni, wa Changamwe au popote.

Tumekutana wenye nyumba wanne na mimi, tumesimama uani mbalimbali. Chupa za sabuni ya unga zimewekwa kila ukumbi, kina mama wameshika zamu ya kuzijaza na kupangusa vitasa. Mwenye nyumba mmoja alikuwa na chumba kitupu cha uani alichokuwa anatafutia mpangaji. Amekubali kisipangishwe kwanza. Akiugua mtu, chumba ni hicho, na chakula kitawekwa mlangoni. Hili ndilo lililokuwa likininyima usingizi, na amelitoa bila kuombwa mara mbili.

Maji: mwenye mkokoteni wetu amekubali bei isipande mpaka mwisho wa Aprili, nasi tumemhakikishia mitungi ileile kila siku, akauze kwetu kwanza. Wazee watatu wanaokaa peke yao watapelekewa na kijana mmoja, yuleyule kila siku, asibadilishwe.

Deni: orodha ya vitu vya kukopesha iko ukutani tangu jana. Kodi ya nyumba sikuweza kuisema mbele ya wenye nyumba, lakini mmoja alianza mwenyewe, akasema Aprili atapokea nusu. Wengine wawili walinyamaza. Nitawarudia. Nimesikia anayelipwa hadi 24,000 hatakatwa kodi ya mshahara tena, na wenye mishahara wamefurahi, ni haki yao. Wateja wangu wengi hawana hati ya mshahara, hizi nusu kodi na deni la unga ndizo zitakazowafikia.

Sasa feri ya kesho. Nimewapigia wateja wangu wote wanaofanya kazi mjini niliokuwa na namba zao. Duka la vipuri la Mwembe Tayari na mafundi wawili wa Ganjoni wamesema watawaachilia watu saa 8 mchana. Muuza Matunda, ukiweza kusema na wenzako wa Marikiti mfunge mapema pamoja, asibaki hata mmoja anayetamani wateja wa mwisho, mtapunguza watu mia kadhaa pale mteremkoni. Kuli, ile barua ya ruhusa iombe leo usiku kwa simu, ipigwe picha, usingoje karatasi.

Na mwenye kuajiri yeyote anayesoma hapa, wa duka, wa ofisi, wa nyumbani: kesho mwachilie mtu wa Likoni saa 8. Akikosa kuuza saa tatu hizo hutafilisika.

---

Muuza Matunda, Marikiti

Nimesema nao. Upande wetu wa matunda tumekubali saa 8 na nusu. Wa mboga wanasema saa 9, mboga zao zikilala zinaharibika. Kinachobaki jioni tutakichukua kwa bei ya chini tuje tukiuze huku Likoni asubuhi, kwako dirishani, ukikubali.

---

Mwenye Duka, Likoni

Nimekubali. Leteni sukuma wiki, bilinganya na bamia, nyanya ninazo. Na kila mtu aje na mkoba wake, karatasi zimeniishia.